Daktari Aliyefundishwa Kungoja "Ila"

Hii nimeletewa na shemeji yangu, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Si ndefu.

Palikuwa na binti wa Upareni, Naetwe, aliyesomea udaktari miaka sita ng'ambo, nchi ya theluji, kwa lugha ambayo hata kuitamka ni kazi. Akarudi na cheti chake. Lakini cheti cha kule hakikuruhusu kutibu watu hapa mpaka ufaulu mtihani wa leseni. Akaufanya, akafeli. Akarudia, akafeli tena.

Na si kwamba alikuwa mjinga! Maswali ya kuandika aliyajibu yote. Kilichomwangusha ni chumba cha vitendo: unaingia, unamkuta mtu anayeigiza mgonjwa, mtahini yuko pembeni, una dakika kumi kugundua tatizo. Mara zote mbili aliandikiwa: "Hakupata maelezo ya mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe hakusema!" alimlilia mama yake.

Mjomba wake akamwita aje auze kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, maana misumari haina mtihani. Naetwe akaapa kwamba akifeli mara ya tatu, udaktari basi, anakwenda dukani.

Mama akampeleka kwa Matroni Kandida, nesi mstaafu aliyekuwa akijitolea kwenye zahanati ya parokia. Naetwe akafika na mabuku manne mkononi.

"Hayo weka chini," alisema matroni. "Mhudumie yule mzee, nikuone."

"Shikamoo, babu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri."

"Unaumwa wapi?"

"Kichwa tu."

Naetwe akaanza kuandika. Matroni akamnyang'anya kalamu.

"Huko ulikosoma, mtu akiingia anaanza na ugonjwa?"

"Ndiyo, matroni."

"Hapa mtu anaumwa kufa, ukimuuliza hali anasema nzuri. Ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Ukimkimbiza kwa maswali, anakupa kaugonjwa kadogo ili asikusumbue. Ugonjwa wenyewe unakuja nyuma ya 'ila'. Msalimie, halafu funga mdomo."

Akamgeukia mzee. "Wajukuu hawajambo, baba?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

Matroni akanyamaza. Kimya kile kilimwasha Naetwe kama upupu.

"Ila," mzee akasema, akiangalia sakafu, "haja ndogo, mwanangu. Tangu juzi inatoka kwa shida."

Jamani, Naetwe aliona aibu! Mwezi mzima akaja zahanati kila asubuhi, anasalimia, ananyamaza, anangoja. Mabuku aliyasoma nyumbani.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini alikuwa Profesa Kashindye, mtu ambaye wanafunzi walisema hajawahi kutabasamu tangu azaliwe. Mgonjwa wa kuigiza alikuwa mama mmoja mchangamfu.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri tu, daktari."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

Naetwe akanyamaza. Dakika ya kwanza ikapita. Profesa akaangalia saa. Naetwe akaliona kabisa duka la misumari, lakini hakufungua mdomo.

"Ila kifua," mama akasema. "Nikikohoa, natoa na damu."

Baada ya hapo maswali yalikwenda vizuri. Profesa akajaza fomu, akaifunika, akasema, "Unaweza kwenda."

Naetwe alipofika mlangoni akaona ni utovu wa adabu kuondoka hivihivi.

"Habari za nyumbani, profesa?"

"Nzuri."

Kwa mazoea ya mwezi mzima, Naetwe akasimama, akanyamaza. Profesa akakunja uso. Halafu akashusha pumzi.

"Ila huu mkono wa kushoto. Tangu saa nne hauna nguvu. Nadhani niliuegemea vibaya."

Naetwe akarudi haraka. "Profesa, hebu tabasamu."

"Unasemaje?"

"Nakuomba, tabasamu!"

Profesa akajaribu. Mdomo ukaenda upande mmoja. Kilikuwa kiharusi, ndiyo kwanza kinaanza. Naetwe akapiga kelele iletwe gari, na nusu saa baadaye profesa alikuwa mikononi mwa madaktari. Walisema angechelewa kidogo tu, mkono ule usingerudi.

Siku ya tatu Naetwe akaenda kumwona wodini. Nesi akamuuliza profesa, "Huyu ni ndugu yako?"

"Ni daktari wangu."

"Profesa, matokeo bado," Naetwe akanong'ona.

"Ulifaulu. Na asije mtu akasema ni fadhila, kwa sababu fomu niliijaza kabla hujaniuliza habari za nyumbani." Akajiinua kidogo kitandani. "Miaka ishirini nakaa kwenye kile chumba, binti yangu. Wote huniuliza hali wakiwa wameshika kitasa cha mlango. Wewe ulingoja jibu."

Funzo: Elimu itakufundisha cha kuuliza, lakini ni subira itakayokuletea jibu, basi ukimsalimia mtu leo akakwambia "nzuri", usiondoke upesi.