Bi Pimbi na Nyayo Sabini

Hapo kale na kale, wajukuu zangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, mabaraza na vitabu vya sheria, nchi ya Milima Saba ilikuwa na chemchemi moja tu. Aliyeshika mlango wa chemchemi ndiye aliyeamua nani anywe mapema na nani asubiri. Na mlango huo ulipatikana kwa kura.

Vyama vilikuwa viwili. Kucha, mwenyekiti wake Bwana Chui, na Pembe, mwenyekiti wake Bwana Nyati. Walitukanana mchana kutwa kwenye mikutano, lakini mlango waliupokezana wao kwa wao, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Wanyama wadogo walikunywa mwisho, maji yakiwa yamekuwa tope.

Kiangazi kimoja tope lile lilimuua kitinda mimba wa Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mfupi asiye na mkia, anayekaa kwenye mawe ya mlimani. Alimzika mtoto, akaukunja mkeka wa mtoto huyo, akauhifadhi darini. Kisha akatoka nje akawaambia majirani kwamba safari hii atagombea yeye, na hatapitia chama chochote.

Majirani walicheka. Sheria haikumkataza mgombea binafsi, hapana, ila ilimwekea miiba njia nzima. Ilimtaka alete nyayo sabini za wanaomuunga mkono, kumi kutoka kila mlima, zimekanyagwa kwenye kigae cha udongo mbichi. Tena mwenye unyayo asiwe mwanachama wa chama chochote.

Bi Pimbi alijitwika udongo kichwani, akatembea mwezi mzima. Alipanda, akashuka, akabisha hodi kwenye mashimo na viota. Nyayo zilitimia sabini, unyayo wa kwanza ukiwa wa shoga yake Kanga. Ikiwa imebaki siku moja kabla ya muda kwisha, akampelekea kigae Ndege Karani, msimamizi wa uchaguzi, mwenye miguu mirefu na manyoya ya kisogoni yaliyosimama kama kalamu. Karani huyo hakuwa na urafiki na mtu, lakini hakuwa na hila pia. Alichoandikiwa ndicho alichosoma.

Alifungua kitabu cha wanachama wa Kucha, akalinganisha. "Kanga, mwanachama wa Kucha. Sungura wa Mlima wa Pili, mwanachama wa Kucha. Kindi, mwanachama wa Kucha."

Akaendelea hivyo hivyo mpaka wa sabini.

Kumbe Chui alikuwa ameweka jiwe la chumvi njia panda. Kila aliyepita akalamba, karani wa chama aliyejificha kichakani aliinua unyayo wake vumbini, akaubandika kitabuni. Hakuulizwa mtu. Nyati naye alikuwa na jiwe lake la namna hiyo hiyo, ila lilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, na wadogo hawakuwa na kawaida ya kufika huko.

Chui alikuwa amejinyoosha barazani, anajilamba kidole kimoja kimoja. "Mama Pimbi," akasema kwa upole wa kuudhi, "nenda nyumbani ukapike."

Bi Pimbi alikitazama kigae chake. Mwezi mzima wa kutembea! Ndege Karani akamweleza kwamba vitabu vitafungwa kesho, kivuli cha mwamba kitakapogusa kichuguu. Baada ya hapo hakuna kuongeza wala kufuta.

Bi Pimbi akaomba asomewe sheria yote. Karani akamkabidhi asome mwenyewe, maana ilikuwa haki ya mgombea. Ukurasa wa mbele ulikuwa umechakaa kwa kuguswa. Wa nyuma ulikuwa bado umegandamana, hakuna aliyeufunua kwa miaka mingi. Bi Pimbi akaubandua taratibu. Alipofika kifungu cha tisa, kidole chake kikasimama.

Kifungu kilisema: anayekutwa katika vitabu vya vyama viwili si mwanachama wa chama chochote. Chui na Nyati walikitunga wenyewe, mwaka ule walipokuwa wakiibiana wafuasi. Walipopatana, wakakisahau.

Bi Pimbi akarudisha sheria, akaaga kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwa Kanga. Akamwambia awapitie wote sabini, na kesho alfajiri wavuke bonde wakalambe chumvi ya Nyati.

"Na Chui akitufuta kitabuni mwake kabla ya muda, shoga?" Kanga akauliza. "Si tutakuwa watu wa Nyati tu?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Bi Pimbi, na hakuwa na dawa yake bado.

Jua halijazama, akamkuta Nyati kwenye dimbwi lake. Akamwamkia shikamoo, akainamisha kichwa. Akasema ameshindwa, kigae chake kimekataliwa, na wale wenzake sabini kesho watakuja kulamba chumvi ya Pembe. Kama Bwana Nyati atawaandika ni shauri yake, kama hatawaandika pia ni shauri yake.

"Hao si wamo kwa Chui?" Nyati akauliza.

"Wamo, bwana. Ndiyo maana itamuuma."

Nyati alicheka mpaka dimbwi likachafuka. Akaapa kitabu atakipeleka kwa mkono wake mwenyewe, aione sura ya Chui.

Kesho yake baraza lilijaa pomoni, Kanga na wenzake wakiwa wamesharudi kulamba chumvi. Chui alifika mapema. Nyati hakuonekana. Kivuli cha mwamba kilikuwa kinatambaa kuelekea kichuguuni, zimebaki hatua tano, zikabaki tatu. Bi Pimbi alikaza macho ng'ambo ya bonde. Kama Nyati angechelewa, basi, mkeka wa mtoto ungebaki darini bure.

Hatua mbili. Mara ardhi ikaanza kunguruma, du, du, du, na Nyati akatokea, tope likimchuruzika.

"Karani, pokea!" akasema akihema, akakibwaga kitabu mezani. "Sabini wapya. Wote walikuwa wa huyu hapa."

Chui akasimama. Ndege Karani akamuuliza kama anawaachia, maana muda wa kufuta ulikuwa bado upo. Chui akawatazama Kanga na wenzake kwa dharau. Sabini wadogo, wa nini? Mkono wake ukaanza kwenda kwenye kitabu chake, awafute.

Hapo Bi Pimbi aliona kila kitu kinamponyoka. Akajikaza, akasema kwa sauti ya unyonge, "Mwachie tu, Bwana Chui. Bwana Nyati ana nguvu kukuzidi, utafanyaje?"

Nyati akapuliza pua kwa fahari. Mkono wa Chui ukasimama hewani, kisha ukashuka juu ya kitabu, paa! Alama ya kucha zake ikabaki pale.

"Simfuti hata mmoja," akanguruma. "Ni wangu."

"Wangu," akasema Nyati, naye akagongesha kwato kwenye kitabu chake.

Kivuli kikagusa kichuguu.

Ndege Karani akavifunga vitabu vyote viwili, na Bi Pimbi akamwomba asome kifungu cha tisa. Karani akaichukua sheria, akafunua ukurasa wa nyuma, akakisoma kwa sauti ile ile aliyosomea majina jana. Akavuta kigae cha Bi Pimbi, akahesabu nyayo sabini za wasio na chama, akakigonga muhuri.

Chui alimtazama Nyati, Nyati akamtazama Chui, na kila mmoja akamlaumu mwenzake moyoni. Walitaka kufuta, lakini muda ulikuwa umekwisha, na muda ule waliuweka wao.

"Mgombea binafsi anahitaji alama ya kuwekwa kwenye kura," Karani akasema. "Yako nini?"

Bi Pimbi alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Yale ambayo hakuyatoa siku ya mazishi yalimtoka pale mbele za watu wote.

"Mkeka wa mtoto," akasema.

Karani akauchora.

Hadithi yangu inaishia hapo, wajukuu, kura yenyewe ilipigwa siku nyingine. Lakini shikeni hili: anayewaandika watu kuwa wake bila kuwauliza, siku akiwahitaji hatakuwa nao.