Theluji ya Mchana

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, hawa waliosimama mlangoni wapate kukaa. Leo nina habari ya theluji. Naona mnacheka. Theluji sisi tumeiona tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Mawingu yakiondoka asubuhi, ile pale juu, nyeupe. Lakini ni wangapi humu ndani wameikanyaga? Nyoosheni mikono. Mmoja. Na yule kule nyuma, lakini huyo ni mpagazi wa wageni, ni kazi yake. Basi sisi wengine twende taratibu.

Kulikuwa na baba mmoja, mtu wa huku huku kwetu, tumwite Kundaeli. Alikwenda Austria akiwa kijana, akapata kazi kwenye mlima ambako watu huenda kuteleza juu ya theluji. Yeye alihudumia vile viti vinavyopandisha watu juu kwa waya: kukagua, kutia grisi, kufagia barafu kwenye vituo. Kazi ya baridi, vidole vinakufa ganzi. Lakini ilikuwa na raha moja. Asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, wafanyakazi waliruhusiwa kupanda na kuteremka wenyewe. Ndipo Kundaeli akajifunza ubao.

Ubao wenyewe ukoje? Ni kibao kirefu, ukikisimamisha kinamfika mtu kidevuni, na pembeni kina kingo za chuma zilizonolewa. Unafunga miguu yote miwili juu yake, unasimama ubavu, unajiachia. Ukilalia upande mmoja, ukingo unaingia kwenye theluji unakata kona. Ukilalia upande wa pili, unakata kona nyingine. Hivyo hivyo mpaka chini.

Sasa mbao hizi haziko sawa. Ule wa Kundaeli ulikuwa mrefu, mwembamba, mgumu, haupindi hata ukiukalia. Ulitengenezwa kwa theluji ngumu. Na asubuhi theluji ni ngumu kweli; matrekta yameisawazisha, baridi imeikaza, imekuwa kama sakafu ya saruji. Juu ya sakafu hiyo Kundaeli alikuwa mfalme. Watu waliozaliwa kwenye mlima ule walisimama kumtazama. Mnanielewa? Mahali ambapo hakuna aliyeweza hata kulitamka jina lake, ubao ule ulimpa jina.

Kisha goti likaharibika. Aliteleza kazini, akapasuliwa, daktari akamwambia, kutembea utatembea, ila ubao basi. Akaufuta, akaupaka nta, akautundika ukutani.

Huku nyumbani alikuwa ameacha mtoto. Mama wa mtoto alifariki mapema, binti akalelewa na bibi yake Machame. Alipofikisha miaka kumi na sita, vibali vikapatikana, akamfuata baba yake. Huyu tumwite Aikaeli. Hebu fikirini pale uwanja wa ndege: baba anatafuta kwa macho kale katoto alikokaacha, mara anakuja msichana mrefu na begi lake, anasema, "Shikamoo Baba," kama anavyomwamkia mwalimu mkuu. Wakafika nyumbani, wakala kimya. Kesho yake kimya. Kwenye simu walikuwa wakicheka. Mezani kila mtu anaitazama sahani yake.

Kundaeli akawaza, nimpe nini mtoto huyu anijue? Akautazama ukuta. Akaushusha ule ubao.

"Huu ndio ulionifanya niwe mtu huku," akamwambia. "Kuanzia leo ni wako."

Aikaeli akaupokea kwa mikono miwili. Na alifurahi, msidhani hakufurahi. Alielewa amepewa kitu kikubwa.

Wakaanza. Lakini binti alikuwa na shule, kwa hiyo siku yao ikawa Jumapili, wakitoka ibadani, mchana. Na mchana, ndugu zangu, theluji si ile ya asubuhi. Jua limeipiga. Mamia ya watu wamepita juu yake. Ile sakafu imevunjika, imekuwa marundo marundo, laini, nzito, imeshiba maji kama udongo wa shamba baada ya masika. Ubao mwembamba mgumu ukiingia mle hauelei. Pua yake inazama, na aliye juu yake anatangulia kwa kichwa. Tena ulitengenezwa kwa uzito wa mwanamume mzima. Aikaeli mwepesi, akiulalia haumsikii.

Na baba yuko wapi? Yuko chini. Kwa sababu ya goti, amesimama chini kando ya uzio na chupa ya chai, anapaza sauti. "Lalia ukingo! Kunja magoti! Unaogopa nini? Amka, rudia!" Mtoto anaanguka, anaamka. Anaanguka, anaamka. Jumatatu anakwenda shule anachechemea.

Siku moja walipita kwenye duka la kukodisha vifaa. Aikaeli akasimama mbele ya ubao mwingine. Mfupi, mpana, pua yake imeinuka, na laini kiasi kwamba ukiukandamiza katikati unapinda.

"Baba," akasema, "naomba nijaribu huu. Theluji ya mchana ni nzito. Ule wako unazama."

Kundaeli akatabasamu. Lile tabasamu letu wazazi, mnalijua. "Huo ni wa watalii," akasema. "Wewe si mtalii, wewe ni binti yangu. Ukiumudu huu wangu, hakuna ubao utakaokushinda."

Maneno mazuri, si ndiyo? Ningeyasema mimi hapa mbele mngeitikia. Wakatoka.

Majira ya baridi ya kwanza yakapita. Ya pili yakaanza vilevile. Aikaeli akaacha kuzungumzia theluji. Halafu akaacha kuzungumzia na mambo mengine. Akiulizwa shule, "Nzuri." Akiulizwa chakula, "Kizuri." Kundaeli akasema moyoni, afadhali, mtoto ameanza kuwa na adabu ya kusikiliza.

Basi Jumapili moja, mwezi wa tatu, walifika chini ya mlima kama kawaida. Aikaeli hakuufunga ubao miguuni. Aliulaza chini taratibu, mbele ya baba yake.

"Baba, mimi nimeshindwa. Na nimeongea na bibi. Shule ikifungwa naomba nirudi Machame. Nikakae naye moja kwa moja."

Ngojeni hapo. Jiwekeni mahali pa huyu baba. Miaka yote ile ya kufagia barafu, alikuwa anamfagilia nani? Na sasa anaambiwa anarudi. Alihisi kama amekanyaga mahali pasipo na kitu. Lakini sisi wanaume tukiumia hatusemi tumeumia. Tunafoka.

"Shida yako hutaki kujitahidi!" akasema. "Mimi nilifundishwa na nani? Lete huo ubao nikuonyeshe."

"Baba, goti lako."

"Lete nimesema!"

Akafunga miguu, viti vikampandisha. Aikaeli akabaki chini kando ya uzio, pale pale anaposimamaga baba, anatazama juu.

Kundaeli alianza vizuri. Kule juu kabisa palikuwa na kivuli, theluji ilikuwa bado imekaza. Akakata kona ya kwanza. Akakata ya pili. Mwili ukakumbuka. Akasema moyoni, anaona sasa? Anaona? Kisha kivuli kikaisha, akaingia juani.

Akaulalia ukingo kama alivyoulalia maisha yake yote, na ukingo haukukuta kitu cha kukata. Pua ikazama. Ubao ukasimama, yeye hakusimama. Alikwenda kwa uso. Alipojitambua amelala, theluji mdomoni, theluji masikioni, mguu mbovu umekunjika vibaya. Akaweka mkono ainuke, mkono ukazama mpaka begani. Akajaribu tena, ukazama tena. Watalii wakawa wanampita huku na huku kwenye vile vibao vyao vipana, wanacheka na jua.

Na pale alipolala hofu ikamshika, wala si ya goti. Aliinua shingo akamwona binti yake anapanda mlima kwa miguu, kila hatua anazama, anakuja. Akawaza, sasa ataniambia. Ataniambia nilalie ukingo. Ataniuliza ninaogopa nini. Ataniambia shida yangu sitaki kujitahidi. Na ana haki. Akafumba macho akangoja.

Aikaeli akafika anahema. Akapiga magoti, akaanza kumfukua kwa mikono. Akaivua skafu yake, akamfuta uso. Akasema, "Umeumia wapi, Baba?"

Ndugu zangu, yule mwanamume alilia. Alilia kwa sababu mtoto huyu alikuwa ameanguka mbele ya macho yake mara zisizo na idadi, na katika yote aliyowahi kumpigia kelele kutoka kwenye uzio, swali hilo halikuwahi kumtoka.

"Mwanangu," akasema, "hii theluji haishikiki kabisa. Kwa nini hukuniambia?"

Akamjibu bila hasira, bado anamfuta. "Nilikuambia, Baba. Ulikuwa unanifundisha."

Mh. Lishikeni kwanza neno hilo. Hata mimi sina haraka.

Walishukaje? Aikaeli aliufungua ubao miguuni pa baba yake, akamketisha juu yake, goti bovu akalinyoosha mbele, yeye akakaa nyuma amemkumbatia. Wakateremka kwa makalio kama watoto wetu wanavyoteleza na magome ya migomba. Mfalme wa asubuhi! Nusu ya njia wakaanza kucheka, mpaka chini walikuwa hawawezi kusema.

Jumapili iliyofuata, Kundaeli akaichukua fimbo yake ya kutembelea, akampeleka binti yake dukani. "Chagua wewe," akasema, "na uniambie kwa nini." Aikaeli akamweleza. Huu mpana utanibeba juu ya yale marundo. Pua imeinuka, haitajichimbia. Ni laini, uzito wangu unautosha kuupinda. Akaongea, akaongea, tangu afike Austria hakuwahi kuongea kiasi kile. Na baba alisikiliza. Alimuuliza na maswali.

Aikaeli akapanda nao mlimani. Na msifikiri hakuanguka. Alianguka, kona ya tatu tu. Baba kwenye uzio akafungua mdomo, wanasema alibaki ameufungua, kisha akaufunga. Aikaeli akajifuta, akaamka mwenyewe. Akaendelea, akayapita yale marundo moja baada ya jingine, akashuka mpaka mbele ya baba yake akasimama, uso wote unang'aa.

Mwajua alisema nini? Alisema, "Baba, kuna asubuhi moja ya likizo utanipeleka kabla watu hawajaja? Ule wako nataka niujaribu kwenye theluji yake."

Shule ilipofungwa alikwenda Machame kumsalimia bibi. Alikaa mwezi, akarudi kwa baba yake kwa hiari yake.

Sasa twende kwetu. Mtu asitoke hapa akasema mchungaji ametufundisha kwamba siku hizi kila mtu na lake. Sikusema hivyo. Mlima ni uleule. Kundaeli na Aikaeli waliteremka mlima mmoja, na Mungu wa baba zetu ndiye Mungu wa watoto wetu. Wala ubao wa Kundaeli haukuwa mbovu, yeye ulimfikisha. Lakini mwenzangu, theluji iliyo chini ya miguu ya mwanao wewe umeikanyaga lini? Wewe ulipita asubuhi. Kazi zilikuwapo, ukimaliza shule unaandikiwa barua. Yeye anapita mchana, mamia wametangulia, pamevunjika vunjika. Unamkabidhi kile kile kilichokubeba wewe, akizama unasema mvivu.

Na sisi wa kanisani ndio hodari wa uzio. Kijana akiacha kuja, tunapaza sauti na chupa zetu za chai: omba! Funga! Kaza imani! Ni maneno ya kweli. Tatizo si ukweli wake. Mama aliyezika mtoto wiki iliyopita tunamwambia usilie, shukuru kwa kila jambo. Huo ni ukingo mkali, na yeye, mama wa watu, hapo alipo hana kitu kigumu cha ukingo huo kukata. Anataka kitu kipana kimbebe tu asizame. Kuna aliyekwenda akakaa naye, akamuuliza umeumia wapi? Akanyamaza akajibiwa?

Na yule aliyenyamaza nyumbani kwako, unayesema siku hizi ametulia, una hakika ametulia?

Mimi nina matumaini na ninyi. Kundaeli alikuwa mtu mgumu, tena wa kwetu, na alifunguka kwa swali moja la mtoto. Haijachelewa kwa baba yeyote humu ndani. Kuna mtu alishakuambia jambo, mumeo, mkeo, mkweo, mwanao, nawe ulikuwa unamfundisha. Leo mkifika nyumbani, kabla hata chakula hakijapakuliwa, mwambie akuambie tena.

Tusimame. Leo sitaomba kwa sauti, wala ninyi msiombe kwa sauti. Tutasimama kimya mbele za Mungu, tuanze kujizoeza kusikiliza.