Diski ya Mzee Sechambo

Kisichosomeka si kitupu. Wapo wanaodhani methali hii ni ya kale, imeachwa na mababu pamoja na kinu na jembe. Sivyo. Ni changa kuliko lami ya barabara inayopanda Mrare. Juzi vijana watatu waliisikia kwenye mashine ya kusaga, mama mmoja akimwambia mwenzake, wakaenda kwa Mzee Senzighe, mwalimu mstaafu, kumwuliza imetoka wapi. Mzee aliwakaribisha sebuleni, akazima redio, akasema kwamba wengi wa waliohusika wangali hai na wanaweza kumsahihisha akipotoka. Chanzo chake, akawaambia, ni hiki.

Kijiji cha Mrare, huko milima ya Upare, kina ndiva yake, yaani bwawa la mawe na udongo. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi lango hufunguliwa yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtaa kwa siku zake. Kwa miaka thelathini na minne mlinzi wa lango alikuwa Mzee Sechambo. Zamu zote zilikaa kichwani mwake. Hakuna aliyejisumbua kuziandika, maana mwenye kuzijua alikuwapo. Mtu akisahau siku yake, alipita kwake akamwuliza.

Mzee Sechambo alipofariki, siku sita za wiki hazikuleta maneno. Ubishi ukazuka juu ya Jumamosi. Mtaa wa Juu walidai ni yao kwa kuwa babu zao ndio waliochimba ndiva. Mtaa wa Chini wakadai ni yao, kwa kuwa maji huwafikia yakiwa yamekwisha kupungua njiani na lazima wafidiwe. Mwaka huo vuli ilikuwa haba. Maharage yalianza kunyauka yangali kwenye maua. Jumamosi moja watu wa mitaa yote miwili walikutana langoni na majembe mkononi, na mtu mmoja akarudi nyumbani amevunjika mkono. Watu waliokuwa wakizikana na kuozana wakaanza kupishana bila salamu.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji, Bwana Elinihaki, alipomkumbuka Ndekirwa. Huyu alikuwa binti wa chuo kikuu aliyefika Mrare miezi miwili kabla ya kifo cha Mzee Sechambo, akakaa naye siku tatu na kinasa sauti, akimwuliza habari za ndiva tangu mwanzo wake. Mwenyekiti akamtafuta kwa simu. Ndekirwa sasa alikuwa mwalimu Mtwara. Alisema sauti zote zimo kwenye diski, naye ataituma kwa basi. Mkutano wa mitaa miwili ukapangwa siku ya Alhamisi, na diski ikafika ofisi ya kijiji Jumanne asubuhi, imefungwa ndani ya soksi ya sufu.

Aliyeipokea ni Namsifu, karani wa ofisi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na ndiye peke yake pale ofisini aliyesomea kompyuta, kozi ya miezi sita. Kwa sababu hiyo watu walimwamini kwa kila kitu chenye waya, na kwa sababu hiyo hiyo aliogopa sana siku atakayoshindwa.

Asubuhi ile alimkuta Bibi Nakijwa, mjane wa Mzee Sechambo, ameketi mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa. Namsifu akamwamkia, bibi akaitikia. Hakuja kwa ajili ya zamu za maji. Alikuwa amesikia kwamba sauti ya mumewe imeletwa kwa basi, naye hakuwa ameisikia tangu msiba. Aliomba tu akae kwenye kona asikilize, hata kidogo.

Namsifu akampa kiti, akawasha kompyuta, akachomeka diski. Taa ndogo ya buluu ikawaka. Alisubiri orodha ya mafaili itokee. Badala yake ukatokea ujumbe. Aliusoma, akachomoa waya, akachomeka tena upande wa pili. Ujumbe ukarudi vile vile: diski hii haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, je, unataka kuifomati? Chini yake palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana.

Akampigia mwenyekiti, akamweleza. Bwana Elinihaki alikuwa na mambo yake mengi siku hiyo. Alisema kama mashine yenyewe imeeleza inachotaka, ipewe inachotaka. Abonyeze ndiyo, diski ifunguke, watu wasikilize Alhamisi. Akakata simu.

Kwenye kozi Namsifu alikuwa amefundishwa kwamba kufomati ni kuiandaa diski ianze upya. Lakini alijiambia kwamba kama kompyuta haikuona kitu ndani, basi hamna cha kupotea. Pengine binti yule alikosea akatuma diski nyingine, mpya. Tena mwenyekiti ndiye aliyeagiza. Akasogeza kishale hadi juu ya ndiyo.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Bibi Nakijwa. "Imesemaje?"

"Inataka iandaliwe upya, bibi, ndipo ifanye kazi."

"Kuandaliwa ndiyo kufanywaje? Kama mtungi unavyosuuzwa?"

"Ndiyo, bibi. Karibu na hivyo."

"Na ukisuuza, kilichomo kinakwenda wapi?"

"Hamna kitu, bibi. Kompyuta imejaribu kuisoma, haikuona kitu."

Bibi Nakijwa alilegeza pindo la kanga yake, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya mwanawe aliyekuwa akifanya kazi migodini, iliyomfikia bibi wiki ile, naye alikuwa na nia ya kumwomba Namsifu amsomee baadaye. Akaiweka juu ya meza karibu na diski.

"Mimi sikusoma, mwanangu, unajua," akasema. "Barua zake ziko kumi na moja kwenye sanduku langu. Kwa macho yangu ni njia za sisimizi. Zote husomwa na wengine. Kama ningezitia motoni kila zikifika, kwa kuwa mimi nazitazama sioni neno, ningejuaje kwamba nina mjukuu? Kisichosomeka si kitupu. Huenda kimepewa macho yasiyo yake."

Namsifu akatoa mkono juu ya meza kana kwamba imepata moto. Akasogeza kishale polepole hadi kwenye hapana, akabonyeza, kisha akachomoa diski na kuirudisha ndani ya soksi yake. Ndipo akampigia Ndekirwa.

Alipomweleza ujumbe ulivyosema, Ndekirwa akauliza kwa sauti ya chini kama amebonyeza ndiyo. Alipoambiwa hapana, alishusha pumzi ndefu hata Bibi Nakijwa akaisikia kwenye kona yake. Kompyuta yake ya zamani ilikwisha kuharibika, alisema, na kinasa sauti alikirudisha chuoni. Nakala ilikuwa hiyo moja tu duniani. Diski haikuwa mbovu. Yeye alikuwa akitumia kompyuta ya Mac, na diski ilipangwa kwa namna ya Mac, wakati ya ofisi ni ya Windows. Mbili hizo hazipangi vitu kwa namna moja, na kompyuta ya ofisi ikikuta mpangilio isioujua hudhani hakuna kilichopangwa. Aliomba radhi kwa kutolikumbuka jambo hilo. Itafutwe Mac, akasema, ndipo itafunguka.

Mrare hapakuwa na Mac hata moja. Lakini Namsifu aliwahi kuhudhuria harusi moja Mwanga mjini, akamwona mpiga picha aitwaye Mfinanga akiwa nayo. Jumatano asubuhi akashuka mlima kumtafuta, na Bibi Nakijwa akakataa kubaki. Diski aliibeba bibi mwenyewe, kifuani.

Mfinanga alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye studio nyuma ya duka la vitambaa. Alisikiliza habari yote, akaifungua Mac yake, akachomeka diski. Hakukutokea ujumbe wowote. Orodha ikajitandaza yenyewe kwenye kioo, mafaili ishirini na sita, kila moja na tarehe yake. Namsifu akajikuta amekaa chini bila kuangalia kama pana kiti, bahati kilikuwapo.

Mfinanga akafungua faili la kwanza. Kwanza pakasikika jogoo, kisha kikohozi, kisha Mzee Sechambo akasema kwamba kabla ya kuanza angependa mgeni aletewe chai, maana mke wake ameipika na haifai kupoa.

Bibi Nakijwa akaweka kiganja mdomoni. Hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema chai ile ilikuwa na tangawizi nyingi mno na mzee aliinywa yote.

Sasa ikabaki kazi ya kuifanya diski isomeke pia kwenye kompyuta ya ofisi. Mfinanga alisema dawa ipo: kuna mpangilio uitwao exFAT, ambao Mac huuelewa na Windows huuelewa. Ataifomati diski kwa mpangilio huo. Bibi aliposikia neno lile akainuka, akaweka mkono juu ya diski.

"Jana tumeponea chupuchupu kuifuta," akasema, "na leo umetuonyesha kwamba imo. Halafu unataka kuifuta wewe?"

"Mama yangu, una haki kuuliza," Mfinanga akajibu. "Huwezi kubadilisha mpangilio bila kufuta, hilo ni kweli. Ndiyo maana hatufuti mpaka kila kilichomo kiwe kimehamia mahali pengine, na wewe mwenyewe umekisikia huko kilikohamia."

Akafanya hivyo. Akanakili mafaili yote ishirini na sita ndani ya kompyuta yake, na kwa tahadhari akayanakili tena kwenye diski yake nyingine. Akachomoa diski ya Ndekirwa, akampa bibi aishike. Kisha akayafungua mafaili yaliyohamishwa, moja baada ya jingine, na kila mara Mzee Sechambo akazungumza, ingawa diski ilikuwa mikononi mwa mjane wake. Alipofika la ishirini na sita, Bibi Nakijwa akamrudishia diski.

Kufomati kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja. Namsifu alitazama diski ikionekana tupu kabisa, safari hii tupu ya kweli. Mfinanga akayarudisha mafaili, akaitoa diski kwa utaratibu bila kuichomoa ghafla, akaipeleka kwenye kompyuta ya Windows anayotumia kuandikia risiti. Ikafunguka. Akamruhusu Namsifu achague faili mwenyewe, na mzee akakohoa pale pale. Wote watatu wakacheka, cheko la watu waliotua mzigo kichwani.

Alhamisi watu walijaa uwanja wa shule, Mtaa wa Juu upande mmoja, Mtaa wa Chini upande mwingine, katikati pamebaki njia pana isiyokaliwa na mtu. Namsifu akaunganisha kompyuta ya ofisi na spika za kanisa. Mzee Sechambo akazitaja zamu kwa utulivu, kama alivyokuwa akizitaja kibarazani kwake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Mtaa wa Juu. Jumanne, Alhamisi na Jumapili, Mtaa wa Chini. Watu wakavuta pumzi.

"Jumamosi haina mtaa," sauti ikasema. "Ni ya wajane, wagonjwa, na kila aliyeshindwa kufika siku ya kusafisha mfereji. Babu aliyechimba aliiacha hivyo ili asiwepo mtu wa Mrare atakayelala njaa kwa kukosa nguvu. Nami kila Jumamosi nimewafungulia hao, kimyakimya, asione haya mtu."

Mzee mmoja wa Mtaa wa Chini akavua kofia. Mama mmoja wa Mtaa wa Juu, mjane wa miaka mitatu, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, alikuwa akipata maji Jumamosi na hakuwahi kuuliza kwa nini, akidhani ni hisani ya mzee kwake peke yake. Wengine wanne wakasimama kusema hivyo hivyo, wawili huku, wawili kule. Baada ya hapo hapakuwa na cha kubishania. Aliyevunjika mkono alipewa kiti mbele, na yule aliyemvunja akaenda kuketi karibu naye.

Kabla watu hawajatawanyika, Bwana Elinihaki alisimama akasema jambo ambalo si viongozi wengi wangelisema. Alieleza kwamba sauti hii ilibakiza kitufe kimoja tu ipotee milele, na kwamba yeye ndiye aliyeagiza kibonyezwe. Aliyezuia hilo hajui kusoma hata herufi moja. Akamwomba Bibi Nakijwa awaambie wote alilomwambia karani siku ile.

Bibi hakupenda kusimama mbele za watu. Alisema akiwa ameketi, mara moja tu, na walio nyuma wakawauliza walio mbele amesemaje, nao wakawarudishia neno kwa neno mpaka likafika kwenye ua wa shule. Jioni ile likasemwa majumbani. Kufikia mavuno ya maharage lilikwisha kuvuka mlima, likawa linasemwa na watu ambao hawajapata kuiona diski wala ndiva: kisichosomeka si kitupu.