Kiti cha Mtangazaji

Kunguru akimwiga tai huvunjika mgongo, kisha akalaumu upepo. Waliotutangulia waliliona hilo wakatuachia neno: kila ndege huruka kwa ubawa wake. Maana yake, kila mtu atende kwa kadiri ya uwezo aliojaliwa, asitamani mabawa ya jirani. Mtangazaji alilijua neno hilo tangu utotoni. Lakini kulijua ni jambo moja, kulitii ni jingine.

Huyu Mtangazaji hakuwa wa redio. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kibanda cha kioo pale stesheni, akiwaambia watu treni gani inaingia, ipi imechelewa, na mtoto wa nani analia langoni. Sauti yake ilikuwa nzito na laini kama asali. Sasa alikuwa mstaafu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto walikuwa mbali, kila mmoja na lake. Nyumba ilikuwa tuli kama maji mtungini. Kuna jioni aligundua hajatamka neno tangu asubuhi, isipokuwa "Nenda zako!" alilomwambia nzi.

Daktari alipomwambia afanye mazoezi kwa ajili ya presha, alijiunga na jimu ya mtaani, chumba kirefu juu ya duka la rangi, kinachonuka mpira na jasho. Tuseme ukweli: hakufuata mazoezi, alifuata watu.

Mwalimu wa pale, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopitwa na kitu, hakumpa mtu zoezi kabla ya kumhoji. Mjamzito alimtandikia mkeka na mto. Mwenye kisukari alimkagua viatu na nyayo kwanza. Barobaro waliyemwita Chuma alimwachia vyuma vyake.

"Na wewe, mzee wangu, zoezi lako ni kiti," alisema baada ya kumpima presha. "Kaa, simama, kaa, simama, taratibu. Na usibane pumzi! Ukibana, presha inapanda kama moto wa nyasi."

Akamwekea kiti pembeni, karibu na dirisha. Katikati ya chumba wenzake walicheka na kutaniana. Mtangazaji alikaa, akasimama, akatazama ukuta. Amekimbia kiti nyumbani, na huku amepewa kiti!

"Mwalimu, nichanganye na wenzangu," alibembeleza.

"Wenzako wana mabawa yao, baba. Na wewe una yako."

Siku moja Mwalimu aliteremka kumpokea mgeni. Mtangazaji akajipenyeza katikati kama paka jikoni, akashika mzigo wa vyuma.

"Babu, huo mzigo hauna adabu," Chuma alimwonya.

"Nipishe, mjukuu wangu. Mimi nimeamrisha treni nzimanzima kwa ulimi tu!"

Wakacheka, na kicheko kile kikampanda kichwani. Akainama, akabana pumzi kama mtu anayezama mtoni, akanyanyua. Chumba kikazunguka. Mzigo ukamponyoka, na kama Chuma asingeudaka ule mzigo, tungekuwa tunasimulia mengine. Mwalimu alimkuta amekaa sakafuni, rangi imemtoka.

"Kifua kinabana?"

"Hapana. Kizunguzungu tu."

"Twende kwa daktari, sasa hivi. Na hapa hurudi mpaka akuruhusu."

Siku alizokaa nyumbani zilikuwa ndefu kama reli. Simu haikulia. Aliogopa jambo moja kuliko presha yenyewe: kwamba hata pale pembeni dirishani hatapewa tena.

Daktari aliporidhika, alirudi jimu akasimama mlangoni na kofia mkononi kama mdaiwa.

"Hebu niambie, mzee wangu," Mwalimu alimuuliza kwa upole, "ulikuwa unatafuta kifua kama cha Chuma?"

Mtangazaji akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Kule pembeni hakuna mtu wa kuniita, mwanangu. Hata nyumbani hakuna."

Mwalimu akaenda dirishani. Kisha akakibeba kiti mwenyewe, akakiweka katikati ya chumba.

"Basi hilo lilikuwa kosa langu. Nilipima mshipa, sikupima upweke. Zoezi halibadiliki: kaa, simama. Ila uhesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi."

"Nimhesabie nani?"

"Wote."

Mtangazaji akakohoa kidogo. Kisha ile sauti ya stesheni ikatoka, ikajaza chumba mpaka kwenye duka la rangi. "Wasafiri wote, sogeeni jukwaani! Moja!"

Mjamzito akainua mguu mkekani, mwenye kisukari akapiga hatua, Chuma akanyanyua mzigo wake. Kila mmoja na lake, wote kwa sauti moja.

"Babu, punguza mwendo, treni inatuacha!" Chuma alilalama.

"Treni haimsubiri mvivu! Mbili!"

Jioni alipofungua mlango wa nyumba, kimya kilikuwa kinamngoja palepale, hakijahama. Alivuta kiti kigumu cha marehemu mkewe, ambacho tangu msiba hakikuguswa. Akakaa, akasimama, akihesabu kwa sauti, mpaka vikombe kabatini vikaitikia. Hakuna mtu aliyejibu. Lakini kesho kulikuwa na watu wanaoingoja sauti ile, na hakuna chuma duniani ambacho kingemfikisha kwao kama sauti hiyo. Hakika, kila ndege huruka kwa ubawa wake.