Hakimu Pimbi na Chupa Iliyovaa Pasheni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sogeeni, lakini msiingie motoni. Sitaki kesi na mama zenu," akasema msimulizi.

Hapo zamani za kale, wanyama waliposhtakiana zaidi kuliko walivyolana, aliishi hakimu mmoja aitwaye Pimbi, mnyama asiye na mkia lakini mwenye maneno marefu. Hakusadiki jambo lolote lisilo na ushahidi. Akiambiwa mvua inanyesha, alitoka nje, akalowa, kisha akarudi kutangaza kwamba shauri bado linachunguzwa.

"Alipolowa hakuamini?" akauliza Nasra, mmoja wa watoto waliouzunguka moto.

"Alipolowa aliahirisha."

Pimbi alikuwa na binti, Katindi, aliyempenda kuliko hukumu zake zote. Katindi ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusimama, na kila alichokishika alikipeleka kinywani: kijiko, kandambili, sikio la baba yake.

Siku moja mkewe Pimbi, Mama Katindi, alikwenda kununua mafuta ya taa. Desturi ya mji ule ni kwamba muuza mafuta hatoi chombo. Mnunuzi huja na chake. Mama Katindi akachukua chupa iliyokuwa ya sharubati, ingali na picha ya tunda la pasheni kifuani. Ikajazwa, ikawekwa uvunguni mwa kitanda. Na chupa, kwa kuwa zamani zile chupa hazikuwa na adabu, ikaanza kuimba:

"Nimevaa pasheni, nani ataniuliza?
Mkubwa ananipita, mdogo ananitaka."

Jirani yao, Bi Kanga, alipokuja kuomba kaa la moto, aliiona.

"Hakimu, iondoe hiyo chupa. Mtoto ataona tunda, atakunywa mafuta."

"Umepata kumwona mtoto aliyekunywa?"

"Sijamwona. Nimesikia. Mtoto wa Tohe, ng'ambo ya mto."

"Shahidi wa kusikia, Bi Kanga, ni sawa na supu iliyopikwa kwa kivuli cha kuku."

"Mifano ya kuku usinitolee mimi," akasema Bi Kanga, akabeba kaa lake, akaondoka.

Chupa ikabaki uvunguni, ikaimba:

"Nimevaa pasheni, nani ataniuliza?
Mkubwa ananipita, mdogo ananitaka."

Haukupita muda, Mama Katindi akamkuta Katindi ameikumbatia chupa, anakitafuna kifuniko kwa meno yake mawili.

"Baba Katindi, sasa umeona?"

"Nimeona kifuniko kilichofungwa. Hapajatendeka kosa." Hata hivyo, Pimbi aliisikia baridi ikimtambaa mgongoni, na kwa kuwa hakupenda kuhojiwa na mgongo wake mwenyewe, akachukua mkaa, akaandika kwenye chupa kwa herufi kubwa: SUMU. Akairudisha uvunguni.

"Katindi anajua kusoma?" akauliza mkewe.

"Sheria ikishaandikwa, kila mtu huhesabiwa kuwa anaijua."

"Hata anayekukojolea mgongoni?"

"Hata huyo."

"Hakimu mjinga," akasema Nasra.

"Hakuwa mjinga. Alikuwa msomi. Wakati mwingine hutofautiana kidogo sana. Chupa iliimbaje?"

Watoto wote wakaimba:

"Nimevaa pasheni, nani ataniuliza?
Mkubwa ananipita, mdogo ananitaka."

Mchana mmoja Pimbi mwenyewe alijaza taa. Huku akijaza alikuwa akibishana kichwani na hukumu ya jana yake, na katikati ya hoja nzuri sana akaiweka chupa sakafuni bila kifuniko. Aligeuka kuifuta taa. Aliposikia kikohozi, hoja ilimtoka.

Katindi alikuwa anakohoa, macho yamejaa machozi, kidevu na nguo vimelowa, kinywa kinanuka mafuta. Pimbi hakumtafuta shahidi. Shahidi alikuwa yeye.

Bi Kanga akafika mbio na kikombe cha maziwa, na nyuma yake mtaa mzima.

"Mnyweshe maziwa, yanaua sumu. Kisha mtie kidole kooni atapike."

Pimbi alitamani sana kutii. Kikombe kilikuwa karibu, na zahanati ilikuwa mbali.

"Nani kati yenu," akauliza, "ameyaona maziwa yakimponya aliyekunywa mafuta ya taa?"

Mtaa mzima ukamgeukia Bi Kanga.

"Nimesikia," akasema Bi Kanga, polepole.

"Basi asitiwe kitu kinywani. Mama Katindi, mvue nguo zilizolowa, mpanguse. Nipeni na chupa, mganga aione."

Akambeba Katindi, akakimbia. Pimbi ana miguu mifupi, lakini siku ile hakuna aliyempita.

Zahanatini, Daktari Korongo alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu. "Mlimtapisha?"

"Hapana."

"Mlimpa maziwa?"

"Hapana."

"Vyema. Maziwa yangeweza kumtapisha, na mafuta yakirudi kooni huingia mapafuni. Hata sasa sina ahadi. Tutamwangalia."

Pimbi akakaa barazani na mtoto mapajani. Alihesabu pumzi za mwanawe, na kila alipokosea akaanza upya. Jua lilipopoa, Katindi akalia. Akalia kwa njaa, kwa hasira, kwa mapafu yote mawili. Pimbi akafunika uso.

Waliporudi nyumbani, mafuta yalihamishiwa kwenye kidumu chake chenye kifuniko kigumu, yakafungiwa juu kabatini kwa kufuli pamoja na vidonge na dawa ya panya. Chupa ikavunjwa ikiwa katikati ya wimbo.

"Sasa unaniamini?" akauliza Bi Kanga.

"Kuhusu chupa ulisema kweli, nikakudharau. Kuhusu maziwa ulikosea, nikakaribia kukutii. Nilipaswa kupima neno, si mdomo."

"Huko ni kuomba radhi?"

"Ni utangulizi wake."

"Nitasubiri," akasema Bi Kanga, akavuta kigoda, akaketi.

Basi, wanangu, dawa kabla ya kuingia kinywani mwa mtoto na itolewe ushahidi. Tahadhari haidaiwi ushahidi, kwa sababu ushahidi wake ni mtoto aliyekwisha kuumia. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeridhika na akate rufaa, lakini kwanza akachungulie uvunguni mwa kitanda chao.