Hongera ya Mtoto Njiti

Kulikuwa na mama mmoja aliyejifungua kabla miezi yake haijatimia. Mtoto njiti, mguu wake mwembamba kama kidole changu hiki. Kule wodini muuguzi alimfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akasema, "Joto lako ndilo linalomlea. Ukichoka, mpe mwingine ambebe hivi hivi. Asilazwe peke yake."

Wakaruhusiwa. Nyumbani, mume akitoka kwenda kibaruani, mama anabaki na mtoto. Sasa fikirini nami taratibu. Akiinama kuwasha moto, moshi unampata mtoto. Akimfungua amlaze, mtoto anapoa. Basi akawa anashindia chai iliyopoa, na maziwa yakaanza kupungua.

Majirani walikuwa wapi? Walikuwepo, tena watu wema. Ila desturi yao ni kwamba mtoto njiti hapewi hongera mpaka akomae. Kumshangilia mapema wanaona ni kumtakia mabaya. Siku moja jirani akachungulia uani.

"Mzazi! Mgeni wetu hajambo?"

"Hajambo. Karibu ndani, shoga."

"Thubutu! Mpaka anenepe. Lakini jogoo wako wa hongera nimeshamtenga. Utamwona, anatembea kama diwani!"

"Shoga," mama akasema, "huyo jogoo ananenepa na maziwa yangu yanakauka. Mnangoja mwanangu akomae ndipo mnilishe. Atakomaa kwa kunyonya nini?"

Jirani aliondoka. Mchana ule ule akarudi na sufuria ya supu, akanawa mikono, akafungua blauzi, akampokea mtoto kifuani. Mama akala mpaka akatoka jasho.

Ndugu zangu, yule jirani alikuwa na roho mbaya? Hapana. Jogoo alikuwa naye, nia alikuwa nayo. Alichokosea ni siku. Na sisi je? Hatuna vitenge tulivyovikunja kabatini, tukisubiri ubatizo? Hatujasema, "Tutakwenda kumwona akishapata nguvu"? Na ninyi akina baba, msitazame chini. Kifua cha mwanamume nacho kina joto.

Basi nisikilizeni. Juzi dada yetu mmoja wa jumuiya hii amerudi kutoka wodini na mapacha njiti. Watoto wawili, kifua kimoja. Ibada ikiisha, mimi na mke wangu hatupiti nyumbani. Tunakwenda kwake.

Nani anakuja nasi?