Wimbo wa Kwanza wa Shomvi

Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ni ya pafu.

Hospitali moja ilikuwa na madaktari watatu. Kapinga alijua dawa za dripu, zinazomsaka adui popote alipojificha mwilini. Bi Rukia alijua mionzi, moto usioonekana, unaochoma pale unapoelekezwa. Lyatuu alijua kisu.

Na Mbagala alikuwepo Shomvi, mpiga tarumbeta. Alipiga harusi kuanzia Lindi hadi Kigoma, akala pilau za watu mpaka akawa bingwa wa kuonja. Harusi yake mwenyewe? Alifunga ndoa asubuhi, mchana akaenda kupiga kwa wengine.

Saratani ikamshika pafu. Tarumbeta ikatundikwa ukutani, naye akaweka nadhiri: "Atakayenirudishia pumzi, wimbo wangu wa kwanza nitampigia mlangoni kwake."

Kapinga akamtundikia dripu. Nywele zikapukutika, ugali ukawa na ladha ya kutu.

"Daktari, unamuua nani, mimi au ugonjwa?"

"Ugonjwa, mzee. Wewe tumekukuta njiani tu."

Mbegu za ugonjwa zilizotawanyika mwilini zikafa. Lakini uvimbe ulikuwa umekumbatia mshipa mkubwa wa moyo, kisu kisingepita.

Bi Rukia akamlaza chini ya mashine, wiki sita.

"Usitikisike, baba."

"Mashine yako inalia noti moja tu, mwanangu. Nitachezaje?"

Uvimbe ukanywea, ukauachia mshipa.

Ndipo Lyatuu akafungua kifua, akakata mabaki pamoja na kipande cha pafu. "Nimekuachia pumzi ya wimbo mmoja kwa siku, mzee. Usiwe na tamaa."

Miezi yote hiyo mkewe, Mwanaidi, aliisugua tarumbeta kwa majivu na ndimu kila Ijumaa. Kisha alimpigia simu wodini, akaipuliza. Sauti ya mbuzi aliyekabwa! Shomvi alicheka mpaka akakohoa, halafu akageukia ukuta, akalia kwa hamu ya nyumbani.

Siku ya wimbo ikafika. Kila daktari alikuwa amemwambia, "Bila mimi, hao wawili wasingefua dafu." Na kila mmoja alisema kweli.

Mwanaidi akamkabidhi tarumbeta, inang'aa. "Nenda kawapigie, baba Zuhura. Mimi nimezoea kukusikia kwa mbali."

Shomvi amesimama kizingitini kwake, kifua kimejaa, midomo imegusa shaba. Wimbo wa kwanza hauna pacha.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote: pumzi hiyo ingekuwa yako, ungempigia nani?